Miguu ya bi harusi wa Tabora



Msimu wa harusi uliopita tulikuwa Tabora. Tulitoka Unguja wanawake kumi na mbili na kijana mmoja wa kutubebea mizigo, tunakwenda kumchukua bi harusi wa kaka yetu. Boti mpaka Dar, treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu basi kutwa nzima, Manyoni, Itigi, na misitu isiyokwisha. Tuliposhuka stendi jioni kila mmoja alikuwa anagombana na viatu vyake, havimwingii. Miguu imeumuka kama maandazi. Tulicheka sana, hatukujua kwamba safari nzima ingekuwa ya kuzungumza miguu.

Usiku wa hina tukaingia chumbani na vifaa vyetu. Mchoraji alipopandisha kanga ya bi harusi ili ua lifike chini ya goti, tukaiona. Mishipa myembamba, mingine myekundu, mingine ya zambarau, imetawanyika nyuma ya goti na kuteremka kwenye shavu la mguu. Na juu yake mabaka: hapa peupe, pale pekundu, pengine ngozi imebabuka kama iliyopitiwa na mvuke. Mmoja wetu, Allah amsamehe na atusamehe sote tulionyamaza, akasema kwa sauti: "Hii miguu ya bi harusi au ya bibi yake?"

Bi harusi hakujibu. Alivuta kanga, na mchoraji akaambiwa achore nyayo tu.

Baadaye, wengine walipolala, alitueleza. Yeye ni mwalimu wa skuli ya msingi, anasimama mbele ya watoto toka asubuhi. Ana mtoto mmoja wa ndoa yake ya mwanzo, na mishipa ilianza kuonekana kwenye mimba ile. Haikumuuma wala kumkera. Ilianza kumkera siku alipoposwa na watu wa Unguja. Akaambiwa na shoga yake kwamba wanawake wa visiwani wana miguu laini kama hariri, wamesingwa kwa liwa toka udogo (tungejua tungemwonyesha yetu!), na kwamba sokoni kuna krimu inayofuta mishipa kwa wiki tatu. Ilikuwa kwenye kikopo kisicho na jina, bei yake si haba. Wiki ya kwanza ngozi ikang'ara. Wiki ya pili ikaanza kuwasha. Wiki ya tatu mishipa ilionekana kuliko siku aliyoanza.

Tunaandika haya kwa idhini yake, na tunayaandika kwa sababu yule shoga yake yupo kila mji, na ule ulimi wetu uko kila nyumba ya harusi.

Tuanze na kitu chenyewe. Madaktari huiita mishipa ya buibui, kwa namna inavyotoka nukta moja na kutambaa kama miguu ya yule mdudu. Kwetu sisi jina linachekesha, maana buibui ndilo vazi tunaloifichia. Ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka chini kidogo tu ya ngozi, upana wake haufiki milimita 1. Iko ile ya kijani-buluu iliyo ndani kidogo, nayo huwa milimita 1 mpaka 3. Ikipita milimita 3, ikavimba na kujipinda kama kamba iliyolegea, hiyo ni varikosi, na hiyo si ya kuichukulia mzaha.

Damu ya miguuni ina kazi ya kupanda mlima. Inatakiwa itoke unyayoni irudi moyoni, na ndani ya mishipa mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu na kufunga damu isirudi chini. Vilango hivyo vikichoka, au kuta za mshipa zikilegea, damu inatuama, na mshipa unatanuka. Kinacholegeza kwanza ni urithi: mama na bibi wakiwa nayo, tazama miguu yako. Kisha mimba, kwa ongezeko la damu na kwa homoni zinazolegeza kuta. Kisha umri, uzito, na kusimama au kukaa kwa saa nyingi bila kusogea. Mwalimu, muuguzi, mama wa jikoni, muuza duka, fundi cherehani, hawa wote wamo. Mtu mweusi sana anaweza kuwa nayo isionekane, ndiyo maana wengine hudhani ni maradhi ya weupe. Rangi inaificha, haimkingi mtu.

Kwa hiyo bi harusi wetu alipata mishipa yake kwa kuzaa na kwa kusomesha. Sioni la aibu hapo, wala sisi wote hatulioni, ijapokuwa ilituchukua siku mbili kulisema.

Siku ya pili wenyeji walitupeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Tabora ilikuwa ikiitwa Kazeh na wageni wa zamani, katika nchi ya Unyanyembe, na misafara yote mikubwa ilipumzika hapo kabla ya kwenda Ujiji au kurudi pwani. Miembe ya njia ile bado ipo. Mjini kuna mtaa unaitwa Ng'ambo, sawasawa na Ng'ambo yetu, na tulipousikia tulihisi tumefika kwa jamaa. Nani katika sisi hana bibi Mnyamwezi au Mmanyema akitazama vizuri? Walitembea kutoka hapa mpaka Bagamoyo, safari ya kama miezi mitatu, wanaume wakiwa na mizigo ya frasila mbili begani au kichwani, wanawake na vyungu, mikeka, na watoto mgongoni. Wako waliotembea kwa ujira na wako waliotembea kwa minyororo, na wa mwisho hao ndio wengi wao waliokuja kuwa bibi zetu.

Tuliyasema haya ndani ya gari, na mmoja wetu aliye muuguzi akatuambia jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Shavu la mguu ni kama moyo wa pili. Kila hatua, msuli unakamua mishipa na kuisukuma damu juu. Anayetembea anausaidia mguu wake, ila anayesimama pahala pamoja au kukaa kwenye basi saa kumi anaunyima pampu yake. Tukakumbuka viatu vyetu pale stendi.

Sasa turudi kwenye kikopo. Krimu za kung'arisha zinazouzwa bila jina, na zile tunazochanganyiwa dukani na kuziita mkorogo, kwa kawaida zina kimoja au zaidi katika hivi vitatu: zebaki, haidrokwinoni, au steroidi kali kama klobetasoli. Tanzania ilishapiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo, na bado vinapita. Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo, na mwenye mimba anamfikishia mtoto. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha weusi usiotoka. Steroidi ndiyo iliyomchezea bi harusi wetu, kwa kadiri dalili zake zilivyo: inapunguza unene wa ngozi na kutanua mishipa midogo iliyo chini yake. Yaani dawa aliyopaka kufuta mishipa ni katika mambo yanayoizalisha. Ukiwaona wanawake wenye mashavu mekundu yenye nyuzinyuzi baada ya miaka ya mkorogo, ndiyo hiyo hiyo, imepanda usoni.

Na tuseme kuhusu piko kwa vile tuko kwenye miguu. Wapo wanaofunika mishipa kwa kujaza ua la piko mpaka gotini. Hina ya majani haina neno. Piko ya rangi ya nywele ina kemikali inayounguza wengine na kuacha malengelenge na kovu la umbo la ua, na aliyewahi kuungua mara moja atapata mzio huo kila akipaka nywele. Hatumkatazi mtu pambo lake. Ila tumeshauguza bi harusi wa fungate kwa piko, na hatutaki tena.

Kuna na dawa za nyumbani: siki ya tufaha, limau, mafuta ya habasoda, asali. Tabora ni nyumba ya asali, tumerudi na madumu yake, na Suratu Nahli imetukumbusha ponyo lililomo ndani yake. Hata hospitali hutumia asali iliyosafishwa kufungia vidonda. Lakini mshipa uko chini ya ngozi, na asali iko juu. Paka kama unapenda ulaini, usingoje mshipa uondoke.

Basi kipi kinachoondoa?

Kinachoaminiwa zaidi kwa miguu ni sindano. Daktari anatumia sindano nyembamba mno na kuingiza dawa ndani ya mshipa wenyewe, nyingi ya dawa hizo zikiwa polidokanoli, ambayo Ulaya wameitumia kwa miongo mingi na Marekani wakaiidhinisha mwaka 2010. Dawa inaukera ukuta wa mshipa kwa ndani, kuta zinagandana, damu inatafuta njia nyingine yenye afya, na mwili unaumeza taratibu ule uliofungwa. Hulazwi. Unaondoka kwa miguu yako na unaambiwa utembee. Mishipa ya buibui hufifia katika wiki tatu mpaka sita, ile mikubwa kidogo huchukua miezi. Mara nyingi mtu hurudi mara mbili, tatu au zaidi, kwa kupishana wiki kadhaa, na huvaa soksi za kubana baada ya kila mara.

Hapa tunataka bi harusi mtarajiwa asome polepole. Baada ya sindano, mguu unakuwa mbaya kabla haujawa mzuri. Unapata michubuko. Kwa wenye ngozi za maji ya kunde na nyeusi, mstari wa rangi ya kahawia unaweza kubaki pale ulipokuwa mshipa kwa miezi mingi, na kwa baadhi zaidi ya mwaka. Mara chache hutokea kidonda kidogo, mzio, au kundi jipya la mishipa myembamba pembeni. Kwa hiyo wiki tatu kabla ya harusi si wakati wa sindano, hata mbele ya daktari hodari. Harusi ikiwa Mfunguo Sita, sindano ya mwisho iwe imemalizika kabla Ramadhani haijaandama. Ukishachelewa, acha. Olewa, kisha fanya ukitaka.

Mwenye mimba hachomwi. Anayenyonyesha kwa kawaida huambiwa angoje, na kungoja kwenyewe kuna faida, kwani mishipa mingi ya mimba hupungua yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni lazima aseme, asione haya.

Leza nayo ipo. Mwanga unapita kwenye ngozi na kuuchemsha mshipa mpaka ufunge. Shida yake kwetu ni kwamba mwanga wa aina nyingi unanaswa na weusi wa ngozi kabla haujafika kwenye damu, ukaacha moto juu na mshipa chini. Mashine iliyo salama zaidi kwa ngozi zetu ni ile iitwayo Nd:YAG, yenye mwanga wa nanomita 1064, na hata hiyo inataka mkono uliozoea ngozi nyeusi. Saluni ikikwambia ina leza, uliza ni ya aina gani na nani anaishika. Wakikuambia "leza ni leza tu dada," chukua mkoba wako. Kwa mishipa ya usoni leza hutangulizwa, kwa ya miguuni sindano ndiyo hupewa nafasi ya kwanza.

Soksi za kubana haziondoi mshipa hata mmoja, na wauzaji waache kusema hivyo. Kazi yake ni kupunguza uzito wa mguu, uvimbe na maumivu, na kwa mwalimu anayesimama kutwa hiyo ni neema. Huvaliwa asubuhi kabla mguu haujavimba, na zipimwe kwa saizi yako, usiazime za jirani. Mwenye kisukari au miguu inayokufa ganzi aulize kwanza. Tunajua joto letu. Tunajua pia kuwa udhu ni mara tano na soksi hizi kuzivua ni vita. Dada mmoja wa kwetu huzivaa baada ya alfajiri, huitunza udhu yake kadiri awezavyo, huzivua adhuhuri na kupumzika miguu ikiwa juu ya mto, kisha anarudi kazini nazo mpaka alasiri. Usipake maji juu yake ukadhani ni khofu, waulizeni masheikh wenu sharti zake. Na anayepanga sindano aangalie siku zake: shavu la mguu halimo kwenye udhu lakini limo kwenye josho, na ukiambiwa usivue bendeji siku kadhaa utaingia kwenye masuala ya jabira. Ukiuliza mapema unapanga vizuri.

Nani wa kumwendea? Daktari wa ngozi au wa upasuaji wa mishipa. Wataalamu wengi wa ngozi wa ukanda wetu wamepita KCMC kule Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwepo tangu 1992, na utawakuta kwenye hospitali kubwa za mikoa na za Dar. Si kila mmoja anachoma mishipa, kwa hiyo piga simu kabla hujapanda boti au basi. Daktari mwanamke atangulizwe. Akikosekana, mwanamume aliyeaminika kwa haja, ukiwa na mahramu au mwanamke mwenzako, na kufunuliwa kile tu kinachotibiwa. Hili masheikh wetu wamelisema zamani, na bado tunao akina mama wanaokufa na ugonjwa kwa kuogopa kufunua goti mbele ya daktari, huku wamelifunua kwa mganga.

Je, ni kubadili umbo la Allah? Tumeulizwa hivi mara nyingi. Ile hadithi inayokataza wanawake kuchonga mwanya inahusu anayebadili umbile zima kwa kutafuta uzuri. Na iko ile ya sahaba Arfaja aliyekatika pua vitani, akaweka ya fedha, ikanuka, na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akamwamuru aweke ya dhahabu. Wanazuoni wametofautisha kuondoa kasoro iliyomzukia mtu na kubuni umbo jipya. Mishipa iliyoletwa na mimba au kazi iko karibu zaidi na ile ya kwanza, na wengi wa zama zetu hawaoni ubaya kuitibu kwa njia isiyodhuru. Kwa hoja hiyo hiyo mkorogo unakosa pa kusimama, maana madhara yake yanajulikana.

Tumefika kwenye jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike leo badala ya kuandika mapishi ya asali.

Kabla hujatafuta urembo wa mguu, hakikisha mguu mzima. Mishipa ya buibui peke yake mara nyingi ni ya juu tu. Lakini ukiwa nayo pamoja na miguu mizito kila jioni, kifundo kinachovimba, ngozi juu ya kifundo inayokuwa nyeusi na ngumu, au kidonda kisichopona, shida iko kwenye mishipa ya ndani, na sindano za juu hazitasaidia. Hapo inatakiwa altrasaundi ya mishipa, kipimo kisichouma, ili kuona vilango vipi vimeharibika.

Na ukiona mguu mmoja umevimba ghafla, una joto, unauma kwenye shavu, hasa baada ya kujifungua, baada ya upasuaji, baada ya safari ndefu ya basi au ndege, hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda ndani. Usikandwe. Tunarudia kwa sababu tunaijua mikono ya mama zetu: usikandwe kwa maji ya moto, usisingwe kwa mafuta, usibanwe kwa kanga. Bonge lile likisukumwa linaweza kupanda mpaka mapafuni, na mtu akafa akiwa na kikombe cha uji mkononi. Mzazi wa siku kumi na mguu mmoja uliovimba ni wa kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Akianza kukosa pumzi, kukohoa damu, au kuchomwa kifuani, msingoje hata kuche.

Kuna na vidonge. Tunajua bi harusi wanavyomeza vidonge vya kuzuia hedhi isiangukie siku ya harusi, na mahujaji hivyo hivyo. Hatuvikatazi. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni vinaongeza uwezekano wa damu kuganda, na vile vya kuchelewesha hedhi navyo vina tahadhari yake. Vinunuliwe baada ya kuulizwa maswali: umewahi kuganda damu? Mama yako je? Unavuta sigara? Una safari ndefu? Duka linalokupa bila kukuuliza lolote limekuuzia, halijakutibu. Na sisi tuliokuwa kwenye basi la Tabora, tungeshuka kila liliposimama tukatembea, tungekunywa maji badala ya kujizuia kwa kuogopa vyoo vya njiani, tungezungusha vifundo tukiwa kitini. Safari ya kurudi tulifanya hivyo, na viatu viliingia.

Tumalizie na ulimi wetu. Katika fiqhi ya Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, kasoro zinazompa mume haki ya kuvunja ndoa zimetajwa kwa majina: wendawazimu, ukoma, mbalanga, na zile za maumbile zinazozuia tendo la ndoa. Ni chache na zinahesabika. Mishipa ya miguu haimo. Bi harusi hana wajibu wa kuitangaza, na mawifi hawana haki ya kuikagua. Ile desturi ya kupandisha kanga usiku wa hina ili "tumwone" tuitazame upya, kwa sababu baina ya wanawake kwa wanawake nako kuna sitara. Masomo na makungwi wana mamlaka makubwa kwa mwari kuliko daktari yeyote. Somo akisema "mwanangu, hii ni kawaida, hata mimi ninayo," kikopo hakinunuliwi. Akisema "fanya haraka uitoe," kinanunuliwa usiku ule.

Na waume nao. Kaka yetu tulipomwona tukamdodosa kidogo, kwa utani, kama mawifi walivyo. Alikuwa hajaona mishipa yoyote. Alichokiona ni mke anayelala na soksi, anayekataa taa kuwashwa, na yeye akadhani hapendwi. Siku arubaini za ndoa zimepita hivyo kwa sababu ya sentensi moja chumbani Tabora.

Tulimwomba radhi bi harusi, yule aliyesema na sisi tulionyamaza. Ameacha krimu ile kwa maelekezo ya daktari. Mabaka yanarudi rangi yake polepole. Alipimwa, mishipa ya ndani ni mizima, na sindano amesema hazitaki kwa sasa kwani ana habari njema ambayo si yetu kuitangaza. Mawifi tulichanga tukamnunulia soksi jozi mbili za saizi yake.

Jozi ya pili akataka amtumie mama yake Tabora, anayekaanga maandazi na kusimama toka alfajiri. Tukamwambia soksi haziazimwi, mama naye apimwe. Hapo ndipo alipotuambia kwamba mguu wa kushoto wa mama umevimba peke yake tangu juzi, na jirani amekuwa akimkanda kila usiku. Akapigiwa simu mbele yetu. Alikwenda hospitali siku ile ile, maandazi akamwachia jirani.